Kusoma si Kuelewa: Kisukari na Afya ya Kinywa



Ndugu zangu vijana, sisi tuliopita madrasa twajua kwamba mtu aweza kuisoma sura nzima kwa tajwidi safi, na ukimuuliza maana yake akanyamaza. Jambo hilo hilo limo katika afya, na leo tulitazame kwa wazee wetu wenye kisukari.

Mwaka 2007 watafiti wa Chuo Kikuu cha North Carolina, Marekani, walitoa kipimo kiitwacho REALD-30. Mtu hupewa maneno 30 ya Kiingereza kuhusu meno ayasome kwa sauti, na kila neno analotamka sawasawa humpa alama moja. Ni kipimo chepesi cha dakika chache. Lakini chapima ulimi tu. Mtu aweza kupata alama zote 30 na asijue afanye nini fizi zake zikitoka damu.

Kwa mwenye kisukari, kutojua huko ni hatari. Sukari ikikaa juu, kinywa hukauka, vidonda huchelewa kupona, na ugonjwa wa fizi humshika kwa urahisi zaidi. Na ubaya huo huenda na kurudi: fizi zikivimba na kutunga usaha, sukari nayo huwa ngumu kuteremka. Wangapi huangaliwa macho na miguu kliniki, kinywa kikasahauliwa?

Basi wewe kijana, baada ya futari, mwombe mama au nyanya kwa adabu akueleze kwa maneno yake mwenyewe:

1. Kisukari kinahusiana vipi na fizi?
2. Fizi zikitoka damu, utafanya nini?
3. Ukienda kwa daktari wa meno, utamwambia una kisukari?

Akisema damu ni mambo ya uzee, au ataacha kupiga mswaki mpaka ikome, usimcheke. Pengine aliyemfunza hakumuuliza kama ameelewa. Mweleze kwa upole: apige mswaki mara mbili kwa siku kwa dawa ya meno yenye floraidi, na amuone daktari wa meno hata kama haumwi, kwani ugonjwa wa fizi huja kimya kimya. Kisha mwache naye akueleze. Akiweza, ndipo ujue ameelewa.

Mswaki twajua ni sunna. Tuwasaidie wazee wetu wajue pia unawakinga na nini.

Allah awape shifa wagonjwa wetu. Wabillahi tawfiq.