Kimya Si Mwisho wa Wimbo
(Neno la Jubilii)

Mchungaji, wazee wa kanisa, wanakwaya na washirika wapendwa, karibuni katika jubilii yetu ya miaka 25.

Kwetu wanadamu, miaka 25 ni mingi. Waliojiunga wakiwa vijana leo wanaimba pamoja na watoto wao, na wengine tumekwisha kuwasindikiza kaburini kwa nyimbo zile zile walizotufundisha. Lakini Musa katika Zaburi ya 90, na Petro katika waraka wake wa pili, wanatufundisha kwamba miaka elfu haimchoshi Mungu. Petro anaongeza jambo tunalolisahau: kwake siku moja nayo ina uzito wa miaka elfu. Mungu hana haraka, lakini hakuna siku yako hata moja anayoipuuza.

Ibrahimu naye alingoja miaka 25. Alitoka Harani akiwa na miaka 75. Isaka alizaliwa yeye akiwa na miaka 100. Katikati alichoka, akatafuta njia ya mkato, na Ishmaeli akazaliwa Ibrahimu akiwa na miaka 86. Hapo Mwanzo sura ya 16 inaisha. Sura ya 17 inapoanza, ana miaka 99. Miaka 13 imepita bila neno kuandikwa.

Wanakwaya, hili mnalielewa. Katika solfa, pahali pa kunyamaza huachwa wazi, bila herufi. Hata hivyo mwalimu haachi kuhesabu. Mkono wake unaendelea kupiga. Anayeingia mapema huvuruga wimbo, na anayefunga kitabu akidhani umeisha hukosa ubeti unaofuata.

Kati yetu leo yupo anayengojea mtoto, kazi, au kijana wake arudi nyumbani. Sitakuambia ni lini, wala sitakukataza kulia. Ibrahimu mwenyewe alikufa akiwa na miaka 175, akiwa ameona wazao wachache tu, na kipande cha nchi alichokinunua kilikuwa cha kumzikia Sara. Lakini ahadi haikuzikwa pamoja naye. Vivyo hivyo, maombi ya wenzetu waliotutangulia bado yako mbele za Mungu.

Basi tusifunge vitabu. Anayehesabu hajashusha mkono.