Saa Moja na Robo



Toka uwanja wa ndege wa Manda, ng'ambo ya mji wa Lamu, hadi uwanja wa Wilson, Nairobi, ni kilomita kama 460 kwa mstari ulionyooka. Ndege ya abiria huumaliza mwendo huo kwa saa moja na robo hivi. Zile ndogo za injini moja hukawia zaidi kidogo. Kwa gari sharti uvuke kwanza hadi Mokowe, na ukishuka Mombasa kisha ukapanda bara, ni jumla kilomita 800 hivi. Nani asiyeisifu ndege? Sisi nasi tuliisifu, tena kupita kiasi.

Miaka kadhaa iliyopita tulikuwa Faza, kisiwani Pate, zilipofika habari usiku kwamba kijana wa jirani yetu, mama mmoja mjane, amelazwa hospitali Nairobi. Angepasuliwa kesho kutwa asubuhi, naye alitaka kumwona mama yake kabla ya kuingizwa. Tukachanga nauli, tukaahidi kumsindikiza. Ndege ilikuwa ya kesho yake, saa saba na nusu mchana.

Nahodha akasema tuondoke saa tisa usiku, maji yamejaa. Tukamjibu kwamba safari yenyewe ni saa moja na robo tu, acha mama apumzike. Tuliondoka kumekucha.

Ninyi wa visiwani mmekwisha kujua yaliyotupata. Mashua zitokazo Pate hupita Mkanda, ule mlango mwembamba kati ya Manda na bara, na Mkanda haupitiki maji yakipwa. Tulikwama kwenye matope, mikoko huku na huku. Tukajaribu kwa upondo, wapi! Nahodha hakutulaumu. Alijifunika kilemba usoni akalala. Mama alikaa mbele ya chombo na kifurushi chake mapajani, akiyatazama maji, wala hakutuuliza neno. Afadhali angetugombeza. Tulijaribu kuomba, lakini ni vigumu kuomba bahari ijae upesi kwa sababu wewe ulipenda usingizi.

Maji yalirudi kwa wakati wake. Tulipofika gati la Manda ndege ilikwisha kupaa, tukaisikia juu yetu ikielekea bara.

Tuliruka kesho yake. Kweli, ilikuwa saa moja na robo. Tulifika hospitali jioni, kijana amekwisha kupasuliwa, naye amelala. Mama akaketi kitandani pake akamshika mguu. Alipofumbua macho aliuliza, "Mama, umefika saa ngapi?"

"Niko nawe tangu jana, mwanangu," akajibu.

Sisi tulisimama mlangoni, tukatazama chini.