Aliyeibeba Risasi

Katika kilima cha Salaita, karibu na Taveta, majeshi ya Waingereza na Wajerumani yalipambana tarehe 12 Februari 1916. Hata leo watu huokota maganda ya risasi huko na kuyatunza kama hazina.

Hatuwalaumu. Lakini tujiulize: nani alizibeba risasi za vita hivyo? Ni wapagazi, ndugu zetu, ambao makumi ya maelfu yao walikufa kwa njaa na maradhi. Wengi hawana kaburi lenye jina. Kariakoo ya Dar es Salaam ndiyo inayokumbusha kikosi chao.

Basi, tuokotapo ganda, tumwombee aliyelibeba. Sisi twahesabu shaba. Mungu awajua watu wake kwa majina. Amina.