KOSA LA KUNAKILI
(Hotuba kwa mkutano wa wanafunzi wa zamani, Kwa Mrombo, Arusha)



Dada yangu alifariki kwa kansa ya titi. Shangazi yetu alikuwa amemtangulia kwa ugonjwa huo huo. Majirani walinong'ona kwamba tumerogwa. Lakini shule yetu ilitufundisha kuuliza sababu, nami nikauliza.

Mnakumbuka tulivyokuwa tukinakili ubaoni? Aliyenakili mengi hakukosa kukosea, na mwalimu alisahihisha kwa wino mwekundu. Chembe za mwili ni vivyo hivyo. Kila moja inapogawanyika hunakili maagizo yake yote, yaani jeni. Makosa hutokea, nayo husahihishwa. Miongoni mwa wasahihishaji ni jeni mbili, BRCA1 na BRCA2. Mwaka 1990 Mary-Claire King wa Marekani alionyesha mahali ilipo ile ya kwanza. Ikapatikana yenyewe mwaka 1994, na ya pili mwaka 1995.

Kila mmoja wetu ana nakala mbili za jeni hizo, moja ya baba na moja ya mama. Aliyerithi nakala mbovu hazaliwi na kansa, kwani nakala nzima bado inafanya kazi. Lakini hiyo nayo ikiharibika katika chembe moja ya titi, makosa hulundikana, hata maagizo ya kuacha kukua yakapotea, na chembe ile ikazaana ovyo. Hapo ndipo kansa huanza.

Tusitishane: kansa za matiti zitokanazo na urithi ni kama 5 hadi 10 tu katika kila 100. Katika nyingine, makosa hupatikana maishani, na umri huyaongeza.

Wanaume, msisinzie! Shangazi ni wa upande wa baba. Baba aweza kubeba jeni hiyo bila kuugua, na kila mtoto wake, wa kike au wa kiume, ana nafasi nusu kwa nusu ya kuirithi. Nasi wenyewe huugua kansa hiyo, ingawa mara chache.

Dada alihisi uvimbe akanyamaza karibu mwaka mzima kwa aibu. Nami sikumuuliza. Mwenye uvimbe asingoje, aende hospitali. Ukoo wetu haukurogwa; huenda umerithi. Binti zangu nimekwisha waambia. Nanyi nendeni mkawaulize shangazi zenu.