Mama Mfanyakazi na Saa Zake za Nyumbani

(Hotuba ya mjumbe wa kina mama wa tawi letu, aliyoitoa mbele ya wanachama mjini Makindu siku ya Jumapili. Tunaichapa yote kama alivyoisema, kwa kuwa wengi waliokuwa zamu siku hiyo wameiomba.)



Katibu ameniambia niseme juu ya maisha ya mama mfanyakazi. Najua wengi mnangoja niseme juu ya shilingi. Shilingi nitamwachia Katibu mwenyewe, maana anazijua kunishinda. Mimi leo nitaanza na jino.

Mtoto wangu wa pili aling'oka jino la kwanza siku ya Jumatatu. Akalitupa juu ya paa kama watoto wafanyavyo, akaomba jipya, akacheka na wenzake. Mimi mama yake nilijua habari hiyo siku ya Alhamisi. Hatukuwa mbali. Tulilala nyumba moja, chini ya bati moja. Lakini wiki ile nilikuwa nikitoka saa kumi na moja alfajiri naye amelala, nikirudi saa tatu usiku naye amelala. Nilikuwa jikoni katika hoteli moja ya kando ya barabara, nikikaanga chapati za watoto wa watu waliokuwa wakisafiri kwenda Mombasa. Mabasi yakichelewa tuliambiwa tungoje, nasi tukangoja. Alhamisi ile nilirudi mapema kidogo, mtoto akanicheka, nikaona pengo. Nikamwuliza, "Lilitoka lini?" Akanijibu, "Zamani, mwaitu."

Ndugu zangu, neno hilo "zamani" lilinichoma. Siku tatu kwa mtoto ni zamani.

Basi niliketi nikafikiri. Sisi Wakamba tunaujali wakati, hata watoto wetu tunawapa majina ya saa na majira waliyozaliwa. Aliyezaliwa usiku ni Mutuku, na akiwa wa kike ni Nduku. Wa asubuhi ni Kioko. Aliyezaliwa mama akiwa safarini ni Kyalo. Wa wakati wa njaa ni Wayua. Msichana wa wakati wa mvua ni Mumbua. Na wangu wa mwisho alizaliwa mvua ikipiga bati, kwa hiyo jina lake mnalijua bila kuuliza. Watu wanaohesabu wakati wa mtoto tangu saa ya kuzaliwa, imekuwaje leo tunamwuza mtoto huyo saa zake zote bila hata kuuliza bei?

Sasa nitawaeleza raha za mama mfanyakazi, kwa maana watu husema daima juu ya taabu zake, wakadhani hana kitu kingine. Taabu anazo. Kuna mitungi ya maji ya lita ishirini, na kuna karo, na wakati wa kiangazi bei ya mahindi. Lakini raha zake nazo zipo, na nyingi hazigharimu pesa.

Raha ya kwanza ni chai ya jioni, mama amevua viatu, ameketi juu ya kigoda mlangoni, na jua linashuka. Raha ya pili ni muthokoi. Mnajua wenyewe kwamba muthokoi haupikwi kwa haraka. Mahindi yaliyokobolewa na kunde au mbaazi hutaka moto mdogo na mtu wa kukaa karibu. Wakati chungu kinachemka, mtoto anasoma kitabu chake cha shule kwa sauti, na mama anasuka kyondo. Kyondo hakimzuii mtu kusikiliza. Mikono inafanya kazi yake, masikio yanafanya yao, na mtoto akikosea neno mama anamsahihisha pasipo kuinua macho. Mwezi wa Desemba na Januari kuna maembe ya kwetu Makueni. Mama ananunua mawili njiani, anayakata, na kila mtoto anadai kunyonya kokwa. Jumapili kuna kusuka nywele za binti, na hapo ndipo siri zote za shule zinapotoka. Na mvua ya kwanza ya mwezi wa Oktoba au Novemba ikinyesha, nyumba nzima hutoka na sufuria na karai kukinga maji, hata aliyekuwa amekasirika husahau.

Tazameni basi raha hizo moja moja. Embe ni shilingi chache. Chai tunayo. Sisali ya kusuka tunayo. Kinachotupungukia ni nini? Ni saa. Mama akifika nyumbani saa kumi na mbili jioni, raha hizi zote ni zake. Akifika saa tatu usiku, hana hata moja, ijapokuwa ameongezwa mshahara. Kwa hiyo nasema hivi, na ndilo neno nililokuja kulisema: saa za mama nyumbani ni jambo la chama cha wafanyakazi, sawasawa na mshahara.

Wengine watasema, "Hayo ni mambo ya jikoni, chama hakiingii jikoni." Nami nawajibu kwamba sheria imekwisha kuingia, ni sisi tuliobaki mlangoni. Amri ya jumla ya mishahara hapa Kenya inasema kwamba wiki ya kazi ya kawaida isizidi saa 52 katika siku 6. Hesabuni na mimi: siku tano za saa 9, na Jumamosi saa 7. Kinachozidi hapo ni kazi ya ziada, nayo ina malipo yake. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inampa kila mfanyakazi siku moja ya kupumzika katika kila siku 7, na likizo isiyopungua siku 21 za kazi kwa mwaka. Mama aliyejifungua anapewa miezi 3 kwa mshahara wote, wala likizo yake ya mwaka haipotei. Baba naye anapewa wiki 2. Kina baba, mnacheka nini? Wangapi hapa mlizichukua zile wiki mbili mkakaa na mtoto?

Tena iko Sheria ya Afya ya mwaka 2017. Inamtaka mwajiri aweke chumba cha kunyonyeshea, safi na cha faragha, wala kisiwe chooni. Inampa mama anayenyonyesha muda wa kunyonyesha au kukamua maziwa, mbali na muda wa chakula, jumla isiyozidi saa 1 katika kila saa 8 za kazi, na muda huo unahesabiwa kuwa kazi na unalipwa. Nilipomzaa wa kwanza, mahali nilipokuwa nikifanya kazi, nilikamua maziwa katika stoo ya viazi, nimeegemea mlango ili mtu asiingie. Niliyamwaga, kwa kuwa hapakuwa na mahali pa kuyaweka. Mtoto alikuwa nyumbani akinywa uji mwepesi. Sheria ile haikuwako bado. Leo iko. Lakini sheria iliyo katika kitabu ni kama mtungi ulio dukani. Haumnyweshi mtu maji mpaka aende akaudai, aulipie, aubebe.

Msidhani kwamba shida hii ni yetu peke yetu. Wako kina mama wa Ufilipino, nchi ya visiwa mbali huko mashariki. Wengi wao hufanya kazi ughaibuni, hospitalini na majumbani, na dada zetu walioenda Uarabuni hukutana nao huko. Mama wa Kifilipino hujaza sanduku kubwa kwa miezi, sabuni, viatu, nyama ya kopo, kisha hulipeleka nyumbani, na watoto wake huwaona kwa simu. Jino likitoka huonyeshwa pengo katika kioo cha simu. Hata hivyo kina mama hao na vyama vyao hawakunyamaza. Mwaka 2012 nchi yao ilikubali Mkataba wa Kimataifa wa wafanyakazi wa nyumbani, uliopitishwa Geneva mwaka 2011. Mwaka 2013 wakapata sheria yao ya wafanyakazi wa nyumbani, inayompa kila mmoja saa 24 za mapumziko kwa wiki. Mwaka 2019 likizo ya uzazi ikafanywa siku 105 kwa malipo. Sisi tuna miezi 3, ambayo ni siku 90 hivi. Hao ni maskini wenzetu, si matajiri. Wakiweza wao, kwa nini sisi tusiweze?

Sasa nataka kusema neno ambalo halitawapendeza wote, wala mimi halikunipendeza. Nilipokasirika kwa ajili ya jino lile, nilimwendea yaya wangu nikamwuliza kwa ukali, "Kwa nini hukuniambia?" Yule msichana, mtoto wa watu kutoka pande za Mutomo huko Kitui, akaniangalia akasema, "Mama, ukija nami huwa nimelala. Naamka kabla yako kuwasha moto." Nikanyamaza. Nikahesabu saa zake. Nilikuwa nikidai Jumapili yangu kwa mwajiri wangu, naye tangu aje kwangu hajaona Jumapili hata moja. Mama yake yuko Mutomo, na yeye pia ana mapengo ya watoto asiyoyaona, maana ana wadogo zake.

Ndugu zangu, mfanyakazi anayemwajiri mfanyakazi mwenzake ni mwajiri. Ile siku moja katika siku 7 ni yake pia. Tukisimama mbele ya mwajiri kudai haki ambayo tumeinyima nyumbani, sauti yetu itatetemeka. Tangu mwezi ule yaya wangu anapumzika Jumapili, na mwisho wa mwezi anakwenda kwao. Nimepata hasara? Jumapili nafua mwenyewe, nasuka nywele za binti yangu mwenyewe, na habari za shule nazipata za moto.

Basi nina maombi matatu, na naomba Mwenyekiti ayapigie kura leo kabla ya kuvunja mkutano, ili Katibu ayapeleke katika mazungumzo ya mkataba.

La kwanza, orodha ya zamu ibandikwe ukutani wiki mbili kabla, na mtu asizuiliwe jioni kwa kazi ya ziada pasipo kuambiwa tangu asubuhi na kukubali mwenyewe. La pili, chumba cha kunyonyeshea kiwekwe kama sheria isemavyo, chenye mlango, kiti, beseni la kunawia na mahali pa baridi pa kuweka maziwa. La tatu si la mwajiri, ni letu: kila mwanachama mwenye yaya au mfanyakazi wa nyumbani ampe siku yake ya mapumziko, na tusingoje kukumbushwa.

Najua yako maneno mtakayoambiwa. Mtaambiwa, "Chagueni, saa au shilingi." Msikubali kuchaguzwa hivyo. Na nyinyi kina baba msiseme kwamba hili ni la wanawake. Zamu ikibandikwa ukutani, imebandikwa kwa ajili yenu pia. Baba naye ana haki ya kuona pengo la mtoto wake siku lilipotokea.

Nitamaliza kwa habari ya mwethya. Mama zetu na nyanya zetu, Kitui na Makueni, hawakuwa na chama cha wafanyakazi, lakini walikuwa na mwethya. Walilima pamoja, walichimba matuta pamoja, na katika mito yetu ya mchanga wakajenga kuta za mawe na saruji kuvuka mto. Mwaka wa kwanza ukitazama ukuta kama huo unaweza kucheka, maana mvua inaleta mchanga tu, na mchanga unajaa nyuma ya ukuta. Lakini maji yamo ndani ya mchanga. Kiangazi kikija, mito mingine imekauka, wanawake wanachimba pale wanapata maji ya kunywa.

Maombi haya matatu ni ukuta wa namna hiyo. Labda mwaka huu tutaona mchanga tu. Tuweke jiwe, tusiondoke. Atakayechota maji ni binti anayesuka kyondo leo mlangoni kwako, siku atakapokuwa yeye mama na yeye mfanyakazi.

Mtoto wangu ameniambia kwamba jino la pili linalegea. Ndugu Mwenyekiti, kesho zamu yangu inakwisha saa kumi na moja jioni. Naomba mabasi yasichelewe.

Umoja ni nguvu.

(Maombi yote matatu yalipigiwa kura na kukubaliwa. Ombi la tatu lilijadiliwa kwa muda mrefu kuliko mengine mawili.)