Matumizi ya Maktaba Kubwa ya Rejea kwa Masomo na Utafiti: Suala la Katalogi Bujumbura

Mada iliyoandaliwa kwa ajili ya warsha ya wakutubi, walimu na wanafunzi watafiti, Bujumbura

Utangulizi



Niliombwa kueleza namna msomaji anavyoweza kufaidika na maktaba kubwa ya umma ya rejea, tangu anapoingia mlangoni hadi anapotoka na kile alichokifuata. Nitayagusa yote niliyoombwa. Hata hivyo, sehemu kubwa ya muda wangu nitaitumia kwenye katalogi, kwa sababu huko ndiko wasomaji wetu wanakokwama. Mada hii haikusudii kuinyooshea kidole taasisi yoyote. Yale niliyoyashuhudia kazini nitayasimulia bila kutaja maktaba wala mtu, na aliye ndani ya kazi hii atayatambua.

Maana ya maneno machache

Maktaba ya rejea ni ile ambayo vitabu vyake husomewa humo humo, haviazimwi kwenda nyumbani. Vifaa vyake ni kamusi, ensaiklopidia, atlasi, sheria, takwimu, magazeti yaliyojalidiwa, ramani na tasnifu. Katalogi ni orodha ya vyote hivyo inayoonyesha nini kipo na kiko rafu gani, iwe ya kadi au ya kompyuta. Haya mnayafahamu, nisiyarefushe.

Msomaji wa Bujumbura anafuata nini

Anayesoma sheria anatafuta *Bulletin Officiel du Burundi*, na kwa sheria za kabla ya Julai 1962 anahitaji ile ya Ruanda-Urundi. Mwanahistoria anataka *Ndongozi*, gazeti la Kikatoliki la Kirundi, au gazeti la *Le Renouveau du Burundi*, au kitabu cha Jan Vansina cha mwaka 1972 juu ya masimulizi ya kale ya Burundi. Mwanaisimu hawezi kuikwepa kamusi ya Kirundi na Kifaransa ya F. M. Rodegem ya mwaka 1970. Wengi wanaanzia chuo kikuu, ambacho chimbuko lake ni Université Officielle de Bujumbura ya mwaka 1964. Wengine wanakwenda Institut français pale Rohero. Sehemu ya nyaraka za utawala wa Kibelgiji iko Brussels, na hiyo ni safari ambayo mwanafunzi wa mitaa ya Kamenge au Musaga hana nauli yake.

Kwa hiyo kilichobaki hapa nyumbani ndicho tegemeo lake. Kila kitabu kilicho rafuni lakini hakionekani kwenye katalogi kinamrudisha mwanafunzi huyo mikono mitupu, wakati ambapo mlipakodi amekilipia kitabu, ghala na mshahara wa anayekilinda.

Kuhusu namna ya kuja na kusoma, nitasema machache. Njoo asubuhi, kwa sababu umeme ukikatika mchana chumba cha kusomea huwa giza upande usio na madirisha, na anayetoa huduma hawezi kuingia ghalani. Beba kitambulisho na penseli. Kalamu ya wino haina nafasi karibu na gazeti la mwaka 1950. Mkoba unaachwa mlangoni. Andika namba ya rafu ya kila kitabu unachokitumia, hata kama hukioni cha maana leo. Usikunje ukurasa, na usichane kitu, kwa sababu ukurasa uliochanwa kwenye nakala pekee nchini umepotea kwa nchi nzima. Na ukija kusoma madaftari yako mwenyewe kwa sababu nyumbani hakuna meza wala utulivu, karibu. Wapo wakutubi wanaolalamikia jambo hilo. Mimi naona maktaba inayompa mtoto wa mtaa wa Buyenzi kiti na mwanga wakati wa mitihani inafanya kazi yake.

Tatizo lenyewe

Mwanafunzi anajaza fomu ya kuombea kitabu. Anayehudumia anaipokea, anaingia ndani, anakaa dakika ishirini, anarudi na fomu ile ile imeandikwa neno moja kwa penseli: hakipo. Mwanafunzi anaondoka. Baadaye mzee wa ghala, aliyekuwa mapumziko, anaiona fomu mezani, anainuka bila kuuliza chochote, anarudi na kitabu. Kilikuwa rafu ya chini nyuma ya mlango, mahali kilipowekwa enzi paa lilipovuja, na hakuna aliyebadilisha kadi. Mzee anajua. Katalogi haijui.

Jambo hili nimeliona mara nyingi mno, Mheshimiwa Mwenyekiti, na nimeliandikia taarifa nyingi kwa ngazi husika. Majibu huwa ya heshima: limepokelewa, litazingatiwa kadiri bajeti itakavyoruhusu. Kisha mzee yule anastaafu. Anafanyiwa sherehe, anapewa zawadi, anatoa hotuba, na siku ya pili maktaba imepungukiwa vitabu ambavyo hakuna mtu aliyeviiba.

Tuangalie katalogi zetu zilivyo. Kwenye makabati ya mbao bado kuna kadi, fishi kama tunavyoziita hapa, zilizopigwa taipu kwa uangalifu mkubwa. Vuta droo moja uitazame. Kingo za juu zimekuwa nyeusi kwa vidole, fimbo ya chuma iliyopaswa kuzishika kadi imetolewa, na kadi za herufi M zimechanganyika na za N kwa sababu mtu aliangusha droo akazirudisha kwa haraka. Kadi nyingine zina masahihisho ya penseli juu ya masahihisho ya penseli. Juu ya kabati hilo hilo kuna kompyuta yenye orodha nyingine isiyolingana na kadi. Vitabu vilivyofika vikiwa msaada haviko kwenye kadi wala kwenye kompyuta. Viko kwenye maboksi.

Kwenye yaliyomo ndani ya katalogi kuna ugumu wa aina mbili ambao miongozo ya ng'ambo haitusaidii sana.

Wa kwanza ni majina ya mahali. Kabla ya uhuru mji huu uliandikwa Usumbura, Gitega iliandikwa Kitega, na nchi yenyewe Urundi. Msomaji wa leo anatafuta "Bujumbura" na hapati kitu cha miaka ya hamsini. Nichukue mfano mmoja. Mwanafunzi anaandika juu ya historia ya Buyenzi, mtaa mama wa Waswahili wa mji huu. Moja ya kazi anazozihitaji ni uchunguzi wa uchumi na jamii wa L. Baeck, uliochapishwa Brussels mwaka 1957. Lakini kichwa cha uchunguzi huo kinataja *centre extra-coutumier d'Usumbura*, jina ambalo utawala wa Kibelgiji uliupa upande wa mji walikokaa Waafrika wasio chini ya machifu. Kwenye kichwa hicho hamna Buyenzi wala Bujumbura. Kama mkutubi hakuweka kielekezo kinachomtoa msomaji kwenye jina la leo na kumpeleka kwenye jina la jana, kijana huyo ataandika kwenye tasnifu yake kwamba hakuna kilichowahi kuandikwa juu ya mtaa wake. Nimezisoma tasnifu za namna hiyo, na nimeumia, kwa sababu kitabu kilikuwa mita chache kutoka kiti alichokalia mwandishi.

Wa pili ni majina ya watu. Mrundi kwa desturi hana jina la ukoo linalorithiwa. Kila mtoto hupewa jina lake la Kirundi, kisha la ubatizo, na ndugu wa tumbo moja wanaweza wasishiriki jina hata moja. Mtaalamu aliyefundishwa kanuni za Kifaransa anatafuta jina la ukoo, halipo, basi anachagua. Mwenzake akija zamu ya mchana anachagua tofauti. Mwandishi mmoja anakuwa wawili, tasnifu yake iko huku na makala yake kule. Kwa waandishi Waislamu hali ni ngumu zaidi, maana aitwaye Ramadhani Juma amebeba jina lake na la baba yake, na mkutubi mmoja anamwingiza kwenye R, mwingine kwenye J. Wafalme nao wana mkanganyiko wao. Mwambutsa anaonekana pia kama Bangiricenge, na Mwezi Gisabo katika maandishi ya Wajerumani ni Kissabo. Dawa inajulikana. Maktaba inachagua umbo moja la jina, inaliandika kwenye orodha ya majina yaliyokubaliwa, na maumbo mengine yote yanaelekeza huko. Kazi hii haihitaji mtambo. Inahitaji uamuzi, na mtu wa kuusimamia.

Hapa ndipo nasikia sauti ya kawaida ya vikao vyetu kwamba kompyuta zitamaliza tatizo. Kompyuta zimekuja. Tangu miaka ya 1980 UNESCO iligawa bure programu ya CDS/ISIS, na maktaba nyingi za Afrika zilianzia huko. Leo kuna Koha, iliyozaliwa New Zealand na kuanza kutumika mwaka 2000, na kuna PMB ya Wafaransa. Zote ni za bure. Niliyoyaona mimi ni haya. Mradi unaanza, kompyuta zinafungwa, vijana wa mkataba wanaingiza data kwa kasi kwa sababu wanalipwa kwa idadi, hakuna anayekagua, mfadhili anapiga picha anaondoka. Mashine ikifa, data inakufa nayo, ingawa CDS/ISIS ilikuwa na njia ya kutoa rekodi zote katika mfumo wa ISO 2709 ambao programu nyingine zinaweza kuusoma. Nakala hiyo ingetosha kwenye disketi chache. Haikutolewa. Mradi unaofuata unaanza kitabu cha kwanza upya.

Tupige hesabu kwa mfano tu. Mkutubi makini akikamilisha vitabu 20 kwa siku, kwa siku 200 za kazi, amefanya 4,000 kwa mwaka. Maktaba ya vitabu 40,000 ingemchukua miaka 10. Wakiwa watano, miaka 2. Gharama yake ni mishahara, na mishahara ndiyo ambayo wafadhili hawapendi kulipa na wizara haina fungu lake. Jengo lina uzinduzi na utepe, katalogi haina. Mwaka 1931 S. R. Ranganathan wa India, katika sheria zake tano za ukutubi, aliweka moja inayotaka muda wa msomaji uokolewe. Sisi bado tunautumia muda wa msomaji kufidia kazi ambayo hatukuifanya.

Jirani zetu nao wana shida zao, sitaki kuwapamba. Lakini Maktaba Kuu ya Taifa ya Dar es Salaam ilipofunguliwa na Mwalimu Nyerere tarehe 9 Desemba 1967, nyuma yake palikuwa na chombo cha kisheria kilichoundwa mwaka 1963, chenye jukumu la huduma za maktaba kwa nchi nzima. Mkutubi wa huko anaye wa kumwandikia, na huyo anawajibika kujibu. Tangu Gitega ifanywe mji mkuu wa kisiasa, mwaka 2019, suala hili la orodha kwetu limekuwa la haraka zaidi, kwa sababu ofisi zinapohama karatasi nazo huhama, na karatasi zilizohamishwa bila orodha huwa ngumu kuzipata tena.

Mapendekezo

1. Maktaba kubwa za mji huu zikubaliane orodha moja ya majina ya waandishi wa Burundi, yenye kanuni moja. Napendekeza jina la Kirundi liongoze, na kwa majina ya Kiislamu jina la mtu mwenyewe liongoze, likifuatiwa na la baba. Kama warsha itaona kanuni nyingine ni bora, nitaifuata, mradi iwe moja.

2. Iandaliwe orodha ya majina ya mahali ya zamani na ya sasa. Walimu wa historia waisaidie; ni kazi ya likizo moja.

3. Mradi wowote wa kompyuta usipokelewe bila mkataba kutaja nani atakagua rekodi, na nakala ya data itakaa wapi nje ya jengo.

4. Nakala hiyo itolewe kila mwezi. Suala la nakala nimekwisha kuligusa na nalirudia, kwa sababu ndilo linalosahaulika.

5. Kadi za zamani zisichomwe wala kuuzwa kuwa karatasi za kufungia karanga kabla hazijalinganishwa na kompyuta. Zina taarifa ambazo vijana wa mkataba waliziruka.

6. Wizara husika, kadiri itakavyowezekana, itenge fungu la kudumu kwa kazi ya katalogi, tofauti na fungu la kununua vitabu.

7. Msaada wa vitabu ukaguliwe kabla ya kupokelewa. Boksi lisilofunguliwa lisihesabiwe kwenye taarifa ya mwaka kuwa ni vitabu.

8. Ofisi zinazohamia Gitega ziandike orodha kabla ya lori kupakiwa.

9. Wanafunzi wa mwaka wa kwanza wafundishwe kutumia katalogi ndani ya maktaba yenyewe, wakivuta droo kwa mikono yao.

10. Kielekezo cha mada kiwekwe pia kwa Kiswahili na Kirundi. Msomaji wa Buyenzi asilazimike kujua Kifaransa cha utawala wa mwaka 1957 ili apate habari za kwao.

11. Mtumishi wa ghala apewe msaidizi miaka 2 kabla ya kustaafu, nao wapite rafu kwa rafu, msaidizi akiandika. Lisiwe ombi la hisani, liwe sehemu ya taratibu za kustaafu.

12. Fomu zilizoandikwa "hakipo" zisitupwe. Zihifadhiwe kwenye faili moja kwenye dawati la huduma, na kila Ijumaa alasiri, wasomaji wakiwa wachache, watumishi wawili waingie ghalani na fomu hizo kutafuta. Kitakachopatikana kirekebishwe kwenye katalogi siku hiyo hiyo, na msomaji aliyeacha namba ya simu apigiwe. Hili halihitaji bajeti, mfadhili wala kibali cha mtu, na linaweza kuanza Ijumaa hii.