Kabla ya Kununua Pikipiki Kubwa Iliyotumika

Msikilizaji, ukienda kukagua pikipiki kubwa ya safari ndefu iliyotumika, gusa injini kabla haijawashwa. Ukiikuta ya moto, huenda muuzaji anaficha kwamba inasumbua kuwaka. Subiri ipoe, hata kama ana haraka.

Tairi nalo lisikudanganye kwa kuwa si kipara. Pikipiki hizi hukaa sana bandani, na mpira huzeeka hata bila kutembea. Tafuta ubavuni herufi DOT, usome tarakimu 4 za mwisho: 1419 ni tairi lililotengenezwa wiki ya 14 ya mwaka 2019.

Shokapu za mbele zikivuja oili, bei ishuke. Lakini namba ya chesisi isipolingana na kadi ya usajili, usilipe hata senti.